Mashine Isiyomngoja Mtu

Kila asubuhi mashine ya kudarizi ya ushirika wa washonaji ilinuna mpaka fundi wao wa kompyuta, waliyemwita Mtaalamu, afike, aandike amri yake moja kwenye kompyuta. Amri hiyo ilipakia moduli, kipande ambacho kiini cha Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo, hukihitaji ili kiweze kusema na mashine. Bila moduli, sindano haichezi.

Sasa Mtaalamu kapata kazi mji wa mbali, na begi liko mlangoni.

"Dada, usijali. Mkikwama mtanipigia simu."

Dada mtu, mwenyekiti wa ushirika, alimkata jicho. Hakukisahau kiwanda walikoajiriwa zamani yeye na wenzake, walipochomwa na jua getini hadi msimamizi aliyelala na funguo aamke, kisha wao ndio wakakatwa mshahara kwa kuchelewa. Ndiyo maana walitoka, wakajichangia, wakanunua mashine yao. Leo wamngoje nani tena?

"Mtegemea cha nduguye hufa maskini," alisema. "Na nduguye ndiye wewe. Nionyeshe itakavyoamka yenyewe."

"Haya, mheshimiwa. Andika jina la moduli kwenye faili. Kompyuta itaipakia kila inapowaka."

Dada akaandika kwa vidole vyake, akahifadhi, akaizima kompyuta na kuiwasha. Washonaji wakaacha vyerehani. Sindano haikutikisika.

"Umeliweka wapi hilo faili?"

"Si kwenye folda ya maua, tunakoweka kazi zetu zote!"

Mtaalamu akacheka hadi akashika mbavu. "Dada yangu! Linux ikiamka haiendi kutazama maua. Inasoma folda yake, modules-load.d."

"Cheka tu, basi litakuacha."

Kulihamishia faili huko, kompyuta ikadai nywila. Mtaalamu akanyoosha mkono aiandike, kwani ni yeye peke yake aliyeijua.

"Ondoa mkono. Itaje, tuisikie sote."

Kicheko kikamkauka. Akaitaja. Dada akaiandika, akalihamisha faili, akawasha upya. Kioo kikawa cheusi, kikajaa maandishi, kisha fremu inayoshika kitambaa ikateleza yenyewe na sindano ikasimama mahali pa kuanzia, tayari kutumwa. Chumba kizima kikalipuka kwa vigelegele.

"Basi, hapa sina kazi tena," Mtaalamu alisema, sauti imemshuka.

"Dada unaye. Kazi kafanye huko, na uwaambie tumekufundisha sisi."

Akacheka, akabeba begi. Mwenyekiti akawageukia wenzake, kidevu juu.

"Izimeni. Kila mmoja aje aiwashe kwa mkono wake."