Pilipili za Ghorofa ya Sita

Septemba inapofika, mtaa wa Trakia katika mji wa Plovdiv, Bulgaria, hunuka ngozi ya pilipili iliyoungua. Watu hutoa majiko yao kwenye roshani, kando ya majengo, hata katikati ya maegesho ya magari, wakachoma pilipili hoho nyekundu, wakazimenya, wakazisaga na nyanya na kuzifungia kwenye chupa ili ziliwe majira yote ya baridi. Mwenye nyumba asiyefanya hivyo huonwa ama mgonjwa ama mvivu.

Nevena Stoeva alikulia katika moshi huo, na alikusudia kuutumia. Aliongoza tawi la Plovdiv la kampuni ya kupeleka vyakula majumbani, nalo tawi lilikuwa likienda kwa kusuasua. Mteja aliagiza maziwa leo, kesho akarudi sokoni kwa miguu yake kwa sababu alitaka kuibonyeza nyanya kwa kidole chake mwenyewe. Makao makuu yaliyoko Sofia, mji mkuu, yalimpa hadi mwisho wa Septemba. Oda tisa katika kila kumi zifike kwa wakati, la sivyo tawi lifungwe na watu wake waende nyumbani. Nevena akatoa tangazo ambalo wenzake wa Sofia waliliona la kichaa: pilipili kwa gunia, uzito wowote, bila malipo ya ziada. Mtu akituamini kwa pilipili zake, aliwaambia wafanyakazi, atatuamini kwa kila kitu.

Oda zilimiminika. Hapo hakukosea. Alikosea kwenye lifti.

Kabla ya kutoa tangazo alikuwa amekagua majengo ya mtaa huo, akaridhika kwamba karibu yote yana lifti nzima. Ndiyo maana masharti ya huduma hayakusema lolote kuhusu ngazi. Lakini lifti za Trakia hufunguka kwa kadi, na kadi hupewa waliochangia matengenezo. Wa ghorofa za chini hawachangii kwa kuwa hawaipandi. Wa juu wengi hawachangii kwa kuwa wamegombana na msimamizi wa jengo. Nevena alilijua hilo miaka mingi. Mama yake, Totka, aliishi ghorofa ya sita bila kadi, kwa sababu aliamini kwamba msimamizi wao, Bwana Penchev, alimpa mpwa wake kazi ya kubadilisha mota. Kila Jumapili Nevena alizipanda ngazi zile akihema. Alichukulia kuwa ni ukaidi wa mama yake. Hakuwahi kufikiri kwamba mji mzima ulikuwa na mama wa namna hiyo.

"Bosi," alisema Kancho Velev akiingia ofisini na shati limemganda mgongoni, "umewahi kubeba gunia la pilipili hadi ghorofa ya nane?"

Kancho alikuwa mkubwa kwa umri kuliko wapelekaji wote. Aliendesha mabasi ya mji mpaka alipopunguzwa kazi, na Nevena ndiye aliyemshawishi aje.

"Si kuna lifti?"

"Ipo. Mteja hana kadi. Jirani mwenye kadi ananichungulia kwenye tundu la mlango kana kwamba mimi ndiye niliyekula pesa za lifti yao."

"Mwombe akufungulie."

"Nimemwomba. Kasema kwanza nimwambie mama wa juu achangie. Mimi nimekuja na pilipili, wao wananifanya balozi."

Wenzake wakacheka. Nevena hakucheka. Kwenye kioo cha kompyuta, oda zilizochelewa zilikuwa zimegeuka nyekundu, na nyekundu ilikuwa inaongezeka.

"Sikiliza, Mzee Kancho. Ukifika mlangoni pa jengo, bonyeza 'imefika' kwenye simu. Kisha panda taratibu."

"Yaani nidanganye."

"Gari lipo pale, pilipili zipo pale. Umefika au hujafika?"

"Mimi nimefika. Mgongo wangu ndio bado uko njiani."

Lakini alibonyeza. Wote walibonyeza, na nyekundu ikapungua.

Wiki ya tatu Totka akapiga simu. "Nimeagiza kwenu. Magunia matatu."

"Mama, ungesubiri Jumapili nikuletee mwenyewe."

"Ndani ya kile kigari chako? Nimeagiza kama watu. Nataka Penchev aone gari la binti yangu limesimama mlangoni."

"Basi niache nikulipie hiyo lifti mwaka huu."

"Ukimlipa yule, Jumapili usije."

Nevena angeweza kuipeleka oda hiyo kwa vijana wawili wa zamu ya jioni. Ingechelewa. Gari la Kancho ndilo lililokuwa karibu, akampa Kancho.

Kancho alibonyeza 'imefika' akiwa chini, akapandisha gunia la kwanza. Alipoleta la pili, Totka alimpa maji na kumvutia kiti, akakataa. "Nikikaa, Bi Totka, siinuki tena. Utanichoma pamoja na hizi." Kisha akasema la mwisho ndilo jepesi, akashuka.

Totka alisikia kishindo, halafu pilipili zikiporomoka ngazi hata ngazi. Alimkuta kati ya ghorofa ya nne na ya tano, amekaa, ameegemea ukuta, gunia limepasuka miguuni. Alipiga kelele moja tu. Bwana Penchev akatoka na kadi mkononi, na lifti ikafunguka papo hapo. Walimshusha nayo akiwa amekaa vilevile. Daktari aliyekuja na gari la wagonjwa alimpima shingoni, akafunga mkoba wake.

Nevena alipofika, mama yake alikuwa ameinama kwenye ngazi akiokota pilipili.

"Ziache, Mama."

"Watu watateleza," alisema Totka, akaendelea kuokota.

Siku mbili baadaye alikuja mkaguzi wa kazi. Kabla yake ilikuwa imekuja simu ya Ivaylo, mkubwa wa Nevena kule Sofia. "Jibu unachoulizwa," alisema. "Usiongeze. Ukiongeza, takwimu zote za Septemba zinakufa, na tawi nalo."

Mkaguzi alikuwa mwanamke mpole mwenye mafua. "Kwa rekodi yenu, oda hii ilikuwa imeshafika kabla hajafa."

"Ndiyo."

"Na masharti yenu hayamlazimu kupanda ngazi."

"Hayamlazimu."

"Kwa hiyo magunia aliyapandisha kwa hiari?"

"Wapelekaji wetu huwasaidia wazee," alisema Nevena.

Kila sentensi, peke yake, ilikuwa ya kweli. Zikikaa pamoja zilikuwa uongo, na Nevena aliona tofauti hiyo wazi alipokuwa akitia sahihi.

Totka alitengeneza pilipili zote, hata zile zilizopondeka. Alichangia lifti pia. Bwana Penchev akamletea kadi mlangoni, naye akaipokea kupitia upenyo wa mlango. "Nusu ya chupa hizi ni za mjane wa Kancho," Totka alimwambia Nevena. "Mpelekee mwenyewe."

Dimka, mke wa Kancho, alifungua mlango, akaiangalia kreti ya chupa, asiipokee.

"Wameniandikia kwamba Kancho alikufa akimfanyia mtu hisani. Haikuwa ajali ya kazini, kwa hiyo sistahili kitu." Alisema bila kupandisha sauti. "Kancho na hisani wapi na wapi. Hata kapu langu la sokoni nililibeba mwenyewe, yeye akitembea mbele na gazeti. Nakuuliza wewe uliyekuwa bosi wake. Alikuwa kazini au hakuwa kazini?"

Kreti ilikuwa nzito. Nevena aliihamishia kwenye mkono mwingine.

"Oda ilikuwa imeshafika," alisema.

Dimka aliisukuma kreti kwa kiganja. "Haya. Rudi nazo hizo," akasema, akafunga mlango taratibu.

Mwisho wa mwezi Sofia iliandika kwamba tawi linabaki. Wapelekaji walinunua keki, wakaacha kipande kimoja kwenye sahani pale alipozoea kukaa Kancho, na hakuna aliyekigusa.

Oktoba ikaleta kabichi. Kila nyumba ya Trakia hujaza pipa la kabichi za kuchachusha, na kabichi ni nzito kuliko pilipili. Oda zilikuwa nyingi kuliko mwezi uliopita. Mpelekaji mpya, Plamen, baba wa watoto wawili mwenye goti bovu, alisimama mbele ya meza ya Nevena na simu mkononi.

"Bosi, hii ni ghorofa ya saba, na mteja anasema hana kadi. 'Imefika' naibonyeza nikiwa chini au nikishafika juu?"

Nevena aliitazama kompyuta. Hapakuwa na nyekundu hata moja.

"Chini," alisema.