Shahidi wa Neno la Mwisho

Ofisi ya Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ilikuwa na kanuni moja, na kanuni yenyewe kituko: hakuna neno linaloingia kitabuni bila sentensi ya mfano, na mfano sharti uwe wa kweli. Mwandishi autoe katika maisha yake mwenyewe, kisha alete shahidi atie sahihi. Kwa neno la kupiga chafya walikaa siku tatu wakinusishana pilipili. Kwa neno la ubahili, karani mmoja alimleta baba mkwe wake, na mpaka leo hawaamkiani.

Herufi E alipewa mtu mpole waliyemwita Bwana Visawe. Alikwisha maliza maneno yote, likabaki moja tu: erotic. Asili yake aliijua barabara. Limetoka kwa Wagiriki wa kale, kwa Eros, mungu wao wa mapenzi, likapitia kwa Wafaransa, likatua kwa Waingereza. Maana nazo aliziandika chapuchapu: moja, -a kuhusu mapenzi ya mwili, mbili, -enye kuamsha ashiki. Lakini mfano? Lahaula! Mfano ulimtoa jasho miezi miwili.

"Ijumaa kitabu kinakwenda kuchapwa," mwenyekiti alimwambia. "Ukikosa mfano, neno linafutwa, na wewe unahamia meza ya viunganishi."

Meza hiyo ilikuwa chini ya ngazi. Aliyepelekwa huko mwaka juzi alikuwa bado anaandika "na".

Tuseme ukweli, viunganishi havikumtisha. Kilichomtisha ni shahidi. Angekuwa nani kama si mkewe? Na mkewe, fundi cherehani, alikwisha hamia kulala chumba cha kushonea, eti kazi zimezidi. Bwana mzima, hodari wa maneno, hakuthubutu hata kumuuliza kulikoni. Aliogopa jibu.

Ijumaa asubuhi aliandika sentensi moja, akaikunja, akapiga simu.

"Mama watoto, njoo ofisini. Kuna sahihi."

"Ya nini?"

"We njoo tu."

Akaja, utepe wa kupimia ungali shingoni. Wajumbe saba wa kamati ya kamusi walikuwa wameketi, tai zimewakaba. Katibu akasoma kwa sauti ya kutangaza ratiba: "Mke wangu akikata uzi kwa meno, huku amefumba jicho moja, ni jambo lenye kuamsha ashiki, nami hujifanya nasoma gazeti."

Mjumbe mmoja alianza kujipepea kwa kurasa za herufi H.

"Uzi wa aina gani?" mwingine akauliza.

"Pamba," Bwana Visawe alijibu, uso chini.

"Iandikwe."

Mwenyekiti akamgeukia mama. "Shahidi, sentensi hii ni ya kweli?"

"Nitajuaje? Mimi nililiona gazeti. Miaka ishirini na sita naona gazeti!"

"Kanuni inataka ndiyo au hapana."

"Basi hapana."

Mwenyekiti akafungua kalamu nyekundu. Mama akainuka, akashika njia. Hapo Bwana Visawe aliona kwamba akitoka mlango ule ndiyo basi tena.

"Nilikuwa nalishika kichwa chini miguu juu!" akapayuka. "Hilo gazeti! Sijawahi kusoma hata mstari. Niliona haya."

"Haya kwa mkeo?"

"Nilidhani utanicheka."

"Ningekucheka, ndiyo," mama alisema, machozi yakimlengalenga. "Halafu ningekata nyuzi zote zilizomo nyumbani. Mjinga wee! Soma mwenyewe. Si kwao. Kwangu."

Kwa kuwa kanuni haikuwaruhusu wajumbe kutoka kabla ya sahihi, mwenyekiti aliamuru wote wageuze viti waangalie ukuta. Wakageuka. Bwana Visawe akasoma.

"Rudia," mama akasema.

Akarudia. Nje, lori la wachapaji lilipiga honi.

"Rudia."

"Mama, sahihi tafadhali," mwenyekiti aliuambia ukuta. "Watu wanasubiri."

"Wasubiri," alijibu, kalamu mkononi, bila kumwondolea mumewe macho. "Mimi nimesubiri miaka ishirini na sita."