Mkono Ukutani Besimenti

Haya alinisimulia Leokadia mwenyewe, Jumapili ya pili ya Kwaresima, tulipobaki jikoni pale kanisani kuosha masufuria. Alianza kucheka kabla hajaanza kusema. Nikamngoja, maana mtu akicheka hivyo humharakishi. Alipomaliza nikamwambia hii nitaiandika. Akasema andika, ila usinipunguzie.

Leokadia ni mama yake Zefania. Katoka Kamachumu, Bukoba, akaja huku ughaibuni, mji wa Laurel, mwezi wa kumi na moja kumsaidia mwanawe kulea Bridget, mjukuu wa miaka saba. Zefania anafanya kazi ofisi za kaunti kule Upper Marlboro. Mkewe, Nkatha, ni Mmeru wa Kenya, nesi wa shifti ya usiku. Anaingia saa moja jioni, anatoka saa moja asubuhi, halafu analala mchana kwenye besimenti, kile chumba kilichozama nusu ardhini, kwa sababu huko kuna giza na kelele hazifiki.

Sasa, Nkatha alikuwa halali. Siku kumi na moja. Anashuka, anajifunika blanketi tatu na koti juu yake, miguu inakuwa barafu, anageuka huku, anageuka kule, saa nane mchana anapanda juu macho mekundu. Na mtu akikosa usingizi namna hiyo anakuwa kama mlevi. Alitia chumvi kwenye chai akaisifia. Alimwita mumewe kwa jina la mgonjwa, akamuuliza kama amepata choo. Kila kitu kinamchekesha. Lakini Ijumaa asubuhi, akirudi kutoka kazini, alisinzia kwenye taa nyekundu, akaamshwa na honi ya lori nyuma yake. Hiyo haikumchekesha mtu.

Zefania akasema, "Basi. Kesho usipolala, funguo za gari nazificha mimi."

"Na wagonjwa wangu?"

"Wagonjwa wana manesi wengine. Mimi nina mke mmoja."

Nyumba nzima ikawa inatafuta baridi inaingilia wapi. Zefania anarudi jioni anapapasa kuta, anaweka kiganja chini ya milango, haoni kitu. Na chanzo cha baridi kimekaa mezani pamoja naye, kinampakulia ndizi.

Ilikuwa hivi. Karibu na kitanda cha Nkatha kuna mlango mwembamba, na nyuma ya mlango ndipo ilipo hita, mtambo unaopasha nyumba nzima joto. Siku moja Leokadia alifungua mlango ule akitafuta fagio. Akaona kwenye hita kitundu cha kioo, na ndani ya kitundu moto wa buluu unawaka. Moto kabisa! Akajishika kichwa. Kwetu sote tunamjua mtu aliyelala na jiko la mkaa chumbani, milango imefungwa, na asubuhi hakuamka. Kwa Leokadia mtu huyo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Na sasa mkwe wake analala hatua nne kutoka kwenye moto, tena shimoni!

Juu ya hita kuna kidirisha, upana wake kama sinia. Akakifungua. Zefania alishamwambia tangu siku ya kwanza, "Mama, huku wakati wa baridi dirisha halifunguliwi," naye akajibu, "Nimesikia." Lakini kusikia si kukubali. Kila asubuhi, kabla Nkatha hajashuka, yeye ameshafungua. Saa tisa anakwenda anafunga, asijue mtu. Mkwe akilalamika baridi, anamletea blanketi jingine. Moyoni anasema, baridi haimuui mwenye blanketi, ila moshi haujali blanketi.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, akaja Mutai. Huyu ni Mkalenjin anayekaa mji wa jirani, Columbia, na kazi yake ni kutafuta nyumba za watu zinavujisha joto wapi. Alikuja na kamera kama tochi kubwa, ina kioo nyuma. Nkatha ndiyo kwanza ameingia kutoka kazini, bado amevaa sare.

"Hii haiangalii sura," Mutai akawaambia. "Inaangalia joto. Penye joto mtaona njano na nyekundu. Penye baridi, buluu. Haya, nani wa kwanza?"

Akamwelekezea Zefania, ambaye nywele zilimwacha zamani. Kwenye kioo kile kichwa kikawaka njano kama ndizi mbivu.

"Ai!" Nkatha akapiga kelele. "Kumbe hita ni wewe! Wacha nilalie hicho kichwa!" Akakaa chini kwenye ngazi, anacheka, viatu mkononi.

Basi kazi ikasahaulika. Bridget alitokea na pua ya buluu kama pua ya mbwa. Birika la chai likawa jua. Mutai mwenyewe alikuwa mwekundu kote isipokuwa ndevu. Bridget akapachika shavu kwenye mlango wa friji, akarudi mbio kutazamwa, nusu ya uso buluu, nusu nyekundu, na mama yake akamwomba arudie. Leokadia naye akaitwa. Akajiona anang'aa kuanzia utosini hadi kwenye ndara.

"Mama, wewe ni makaa matupu!" Mutai akasema.

"Sisi wa Bukoba hatupoi ovyo," akajibu, akazungusha kiuno kidogo, wote wakapiga makofi.

Ndipo Mutai akasema, "Sawa. Sasa tushuke besimenti."

Kiuno kikasimama. Asubuhi ile Leokadia alikuwa amewahi. Kidirisha kilikuwa wazi.

"Mashuke wapi?" akasema, ulimi unateleza. "Mgeni anashukaje na tumbo tupu? Hiyo tabia ya wapi? Zefania, mpe kiti. Chai hiyo hapo, ya maziwa."

Mutai akatazama birika. Kijana wa watu kalelewa vizuri, chai ya mama wa mtu haikatai. Akakaa. Leokadia akammiminia kikombe kikubwa kuliko vyote, akasema, "Nakuja, nikamtandikie mkwe wangu," akapotea ngazini kama msichana.

Kidirisha chenyewe kigumu. Alivuta kwa mkono wa kulia, kikagoma. Akaegemea ukuta kwa mkono wa kushoto, akauweka uzito wake wote, akavuta tena, kikafunga. Akapangusa uso, akafunga mlango mwembamba, akaanza kupanda. Katikati ya ngazi akakutana nao wote wanne wanateremka.

"Na chai?"

"Nimemaliza, Mama. Nimeungua ulimi, lakini nimemaliza," Mutai akasema. "Mbona unahema?"

"Ngazi zenu hizi."

Akageuka akawafuata, mikono ndani ya kanga.

Mutai akapitisha kamera juu ya kitanda, ukutani, darini. Alipofika chini ya mlango mwembamba, wote wakasema "Ah!" kwa pamoja. Pale chini palikuwa na mto wa buluu, unatambaa kwenye sakafu mpaka miguuni mwa kitanda.

"Baridi yako ndiyo hii," akamwambia Nkatha. "Inakutafuta miguu."

"Humo nimeangalia mara mia," Zefania akasema. "Kidirisha kiko kimoja, na kimefungwa."

Mutai akafungua mlango, akainua kamera. Ukuta wote chini ya kidirisha ulikuwa buluu iliyokoza, karibu na weusi. Na katikati ya buluu ile, mkono. Mkono wa mtu, umefunguka, unawaka njano, vidole vinaonekana.

Zefania alipiga ishara ya msalaba. Nkatha akamshika bega Mutai.

"Mkono wa nani huo? Hakuna mtu humo!" Nkatha akasema.

"Mtu ameshika ukuta," Mutai akasema polepole. "Joto la kiganja limebaki. Na ni sasa hivi, kwa sababu angalieni, unafutika."

Kweli, ncha za vidole zilikuwa zimeanza kufifia. Isipokuwa kidole cha pili, hicho hakikuwa na ncha tangu mwanzo. Kilikatikia katikati.

Bridget anasikia Kiswahili chote, ila kukijibu anajibu kwa Kiingereza. Akanyoosha kidole, akasema kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba huo ni mkono wa Bibi, yeye anaujua, ndio anaoushika kila siku wakienda kungoja basi la shule.

Wote wakageuka. Leokadia akaizamisha mikono zaidi ndani ya kanga.

"Mikono iko mingi duniani," akasema.

"Yenye kidole kilichokatwa na kisu cha ndizi, Mama?" Zefania akauliza.

Leokadia akatazama dari. Dari haikumsaidia.

"Haya. Ni mimi. Nafungua mimi, nafunga mimi. Nafungua asife!" Akautoa mkono, akaionyesha hita. "Mnamlaza mtoto wa watu kando ya moto, shimoni, mmefunga kila kitu! Nitawaambia nini watu wa Meru? Kwamba nilikuwepo, nikanyamaza?"

Nkatha alikuwa anatazama hita, anatazama kidirisha, anamtazama mama mkwe. Kisha likatoka, cheko la mtu wa siku kumi na moja.

"Mama! Umenigandisha kama samaki wa friza ili nisife?"

"Samaki wa friza haozi," Leokadia akasema, naye mdomo umeanza kumcheza.

"Woi! Woi, nishikeni!" Nkatha akaanguka kitandani, anapiga godoro ngumi.

Zefania alijaribu kukunja uso. "Mama, si nilikwambia dirisha—"

"Uliniambia dirisha. Hukuniambia moto. Ungeniambia kuna moto chini ya mkeo, ningekujibu siku ileile."

Mutai akageukia ukuta ili acheke vizuri.

"Yaishe basi," Zefania akasema. "Dirisha limefungwa, Nkatha alale."

"Nani kasema limefungwa?" Leokadia akapita katikati yao, akakishika kidirisha, akakifungua wazi. Baridi ikaingia kama mgeni aliyezoea. "Mimi hapa sifungi mpaka nijue moshi wa jiko hili unapita wapi."

Zefania akatazama saa. Ilikuwa inakwenda saa nne, na saa kumi na mbili jioni Nkatha anatakiwa awe barabarani, au funguo zifichwe. Kumwondoa mama yake pale kwa nguvu hawezi. Nani anamwondoa mama yake?

"Twende nje, Mama," Mutai akasema. "Nikuonyeshe."

Leokadia akavaa buti za Zefania, moja ina kamba, moja haina, wakatoka kwenye theluji. Ubavuni mwa nyumba, chini, palitokeza bomba jeupe. Mutai akaelekeza kamera, mdomo wa bomba ukang'aa njano.

"Hita inavutia hewa yake nje na kupumulia nje. Moshi wake hauingii ndani."

Leokadia akainama, akaweka mkono wenye kidole kifupi mbele ya bomba. Joto lenye unyevu, kama pumzi ya ng'ombe. Akanusa.

"Zimeni."

"Nini?"

"Hita. Nijuaje kama pumzi hii ni yake? Zefania! Zima!"

Zefania akashuka mbio. Pumzi ikapungua, ikakoma. "Washa!" Akashuka tena. Wakangoja, theluji inawaingia butini. Bomba likakohoa, pumzi ikarudi. "Zima tena!"

"Mama, mara ngapi?"

"Mara tatu! Mara moja ni bahati!"

Nkatha alikuwa amebandika uso kwenye kidirisha kile kilicho wazi, usawa wa ardhi, anaona buti za mama mkwe tu, na kila mumewe akipita mbio nyuma yake anaita, "Zima, hita! Washa, hita! Kimbia, kichwa cha ndizi!" Bridget anakimbia nyuma ya baba yake bila sababu yoyote. Mara ya tatu Zefania alipanda ngazi kwa magoti.

Waliporudi ndani Mutai akamwonyesha Leokadia kisanduku cheupe ukutani, karibu na kitanda. "Na hiki, Mama, kinanusa ile sumu ya jiko. Ikitokea hata kidogo, kinalia." Akabonyeza kukijaribu. Kikalia mpaka Bridget akaziba masikio.

Leokadia akakisogelea kile kisanduku.

"Hiki kilikuwepo siku zote?"

"Siku zote, Mama."

"Mimi nilidhani ni saa iliyokufa. Na katika watu wote wenye shule humu ndani hakuna aliyeniambia." Akaenda mwenyewe, akaegemea ukuta, akavuta. Kidirisha kikafunga. "Haya, mkwe wangu. Lala."

Mutai akapitisha kamera mara ya mwisho chini ya mlango. Mto wa buluu ulikuwa unakonda, sakafu inaanza kupata wekundu. Nkatha akapanda kitandani na sare yake, akatupa blanketi mbili chini, akabaki na moja. Bado anacheka humo ndani, blanketi linatikisika. "Kama samaki," anasema. "Kama sama—" Hakumaliza. Wakasubiri aendelee. Wakasikia anakoroma.

Bridget alipanda akajipenyeza mgongoni kwa mama yake, akalala naye papo hapo. Mutai akaondoka akinyata, amefungiwa ndizi kwenye karatasi ya foili, ana nyumba nyingine ya kupima kwao Columbia. Zefania alimsindikiza mpaka mlangoni, akatundika funguo za gari kwenye msumari wake bila kuzificha, akakaa kwenye kochi avue viatu. Alivua kimoja.

Akabaki Leokadia. Aliweka kiti chini pale, katikati ya hita na kitanda, jicho moja kwenye kisanduku cheupe, sikio kwenye pumzi za mkwe wake. Kuamini ameamini, lakini siku ya kwanza lazima mtu akae. Akatoa rozari. Siku kumi na moja zile na yeye hakuwa amelala sawasawa, kwa kuuwazia moto ule. Joto likampanda miguuni, likafika magotini. Fungu la kwanza akalisali lote, la pili akalisali kwa sauti ndogo. La tatu alilianza, kidevu kikashuka kifuani, rozari ikatulia mapajani. Akalala.