Hodi Upande wa Ukuta

Nesi Stefania alipohamishiwa Mugumu, watu wa Nyangoto walimuaga kwa chai na maandazi, wakamwombea, wakampa jogoo. Hakuna aliyelia. Kilio kilikuja Jumamosi iliyofuata, saa kumi jioni, kanisa lilipokaa kimya.

Kwa miaka mitatu, Jumamosi saa hiyo, nesi huyo alitoka zahanati akapitia kanisani kufanya mazoezi ya nyimbo za Jumapili kwenye kinanda cha umeme. Akimaliza za kwaya, alipiga wimbo mmoja usio na maneno. Alisema ulitungwa na Mzungu wa zamani sana, mtu aliyeendelea kutunga hata masikio yake yalipokufa. Jina la wimbo alilitaja mara moja tu, na halikukaa kichwani mwa mtu. Wao waliuita Hodi. Ulianza kama mgeni mwenye haya mlangoni: anagusa mlango, anarudi nyuma, anagusa tena, anasitasita, kisha anaanza kuondoka taratibu. Ukidhani ameshaenda, huyo, amerudi, anagusa tena.

Watu waliupenda wimbo huo kama mtu anavyopenda kivuli cha mti aliouzoea. Vijana wa bodaboda waliokuwa njiani kwenda Nyamongo walizima injini nje ya dirisha. Wachimbaji wadogo walikaa kwenye mawe na vumbi lao la mashimoni, wakanyamaza. Bibi Tabitha alikuja na ungo wa ulezi, lakini mkono wake ulisimama juu ya ungo mpaka wimbo ukaisha. "Maskini mgeni huyu," alisema kila mara. "Hakuna wa kumfungulia?"

Nesi alipoondoka, Ryoba wa bodaboda alileta spika, akaupiga wimbo ule ule kutoka kwenye simu. Ulikuwa mzuri, hauna kosa hata moja. Watu walisikiliza kidogo, wakaanza kunyanyuka.

"Kwani mnataka nini?" Ryoba aliuliza. "Si ndio huo?"

"Ndio huo," Bibi Tabitha alisema, "lakini huyu hapigi hodi. Huyu anapita barabarani."

Baada ya wiki tatu wazee wa kanisa wakakata shauri. Kinanda kisicho na mpigaji ni meza ya panya. Gorong'a kuna kijana anayejua, basi kipelekwe huko. Gari lingekuja kukichukua Jumapili, baada ya ibada.

Habari hizo zilimkuta Wegesa ameinama na ufagio. Alikuwa ndiye mfagiaji wa kanisa, mke wa Machage, mkamwana wa Bibi Tabitha. Shule aliiacha darasa la tano, kwa sababu nyumbani kwao hakukuwa na wa kulea wadogo zake. Alikuwa mtu wa haya. Akiulizwa jambo mbele ya watu, jibu lilipanda mpaka kooni likalala hapo.  Siku hiyo alifagia mpaka mlangoni, akarudi akafagia tena pale pale palipokwisha kuwa safi.

Hakuna aliyejua kwamba kwa mwaka mzima Wegesa alikuwa akijifunza Hodi.

Alijifunza kwa macho. Jumamosi ilikuwa pia siku ya kikao cha wazee, na benchi lao lilikuwa nyuma tu ya kigoda cha mpigaji. Mwisho wa benchi alikaa Mzee Nyangwine, baba mkwe wake. Kwa Wakurya mkamwana hapiti karibu na baba mkwe, hakai naye benchi moja, hamtazami usoni. Kwa hiyo Wegesa aliingia kwa mlango mdogo wa pembeni, akasimama kwenye nafasi nyembamba kati ya kinanda na ukuta, na ufagio mkononi kama mtu anayesubiri vumbi litue. Hapo alitazamana na nesi, macho yake yakiwa kwenye vidole. Kidole hiki cheupe, hiki cheusi, cheupe, cheusi. Nyumbani alichukua ubao uliokuwa mlango wa banda la kuku, akauchora kwa mkaa: vibao vyeupe virefu, vyeusi vifupi, kama alivyoviona. Mchana, wakati muhogo ukikauka juani na hakuna mtu uani, aliuweka ubao magotini akacheza, sauti akiitoa mwenyewe puani.

Bibi Tabitha alimkuta siku moja. "Unakanda nini hapo, mwanangu?"

"Hakuna kitu, mama. Nausafisha ubao."

"Usafishe basi, umalize," mkwe wake alisema, akaenda zake.

Alhamisi, siku tatu kabla ya gari kuja, Wegesa aliingia kanisani peke yake na ufunguo wa mfagiaji. Alikitoa kitambaa juu ya kinanda, akachomeka waya ukutani. Taa nyekundu ikawaka. Akakaa kwenye kigoda cha nesi, akapangusa mikono kwenye kanga, akaweka vidole, akabonyeza.

Kilichotoka hakikuwa Hodi. Ilikuwa sauti nzito ya chini, kama ng'ombe anayeumwa tumbo. Alijaribu tena. Pale ambapo wimbo ulitakiwa kupanda, uliteremka. Palipotakiwa kuteremka, ulilia juu kama filimbi. Alianza mara tano, na mara ya tano akatoa mikono kama aliyegusa sufuria ya moto.

Mwaka mzima. Alikaa akaitazama mikono yake. Aliwaza kuhusu ule ubao, akaona aibu, ingawa hakukuwa na mtu wa kumwonea aibu. Akainuka achukue ufagio, maana ufagio angalau aliujua, nao ulikuwa umeegemea ukutani, upande wa pili wa kinanda. Alipoufikia akageuka. Akakiona kinanda kutoka pale alipokiona siku zote.

Vibao vyeusi vilikuwa karibu naye na vyeupe vimechomoza kwa mbali, vile vile kama kwenye ubao wa banda la kuku.

Alielewa taratibu, kama mtu anayehesabu mifugo gizani kwa kuipapasa. Vidole havikukosea. Vilijifunza upande wa ukuta. Nesi alipiga sauti ya juu kwa mkono wa kulia, lakini Wegesa aliyekuwa mbele yake aliuona mkono huo upande wake wa kushoto, na kushoto ndiko alikouweka. Akaegemeza ufagio. Akanyoosha mikono juu ya mgongo wa kinanda, mbali kidogo, kiuno kimeinama. Mkono wa kushoto ukagusa: cheupe, cheusi, cheupe, cheusi.

Mgeni akapiga hodi.

Alipiga mpaka mahali alipokosea, akaanza upya. Hakusikia pikipiki ikizimwa nje. Alipoinua macho, Machage mumewe alikuwa dirishani, kofia ngumu kichwani.

"Ni wewe?"

Wegesa akaondoa mikono kwenye vibao.

"Nilidhani nesi amerudi. Nimemshusha abiria pale njiani, nikamwambia subiri kidogo, kuna jambo." Machage alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mbona umesimama nyuma ya kinanda kama unakiiba?"

"Huko mbele siwezi. Nilijifunza hapa."

"Kwa sababu ya mzee?"

Akaitikia kwa kichwa.

Machage alifikiri. "Jumapili nitasimama nikusemee. Nitawaambia: mpigaji yupo, ni mke wangu. Wewe usifungue hata mdomo. Sawa?"

"Sawa," Wegesa alisema, na siku mbili zilizobaki alikwenda kanisani kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, akapiga mpaka kiuno kikamuuma.

Jumapili ibada ilikuwa fupi kuliko kawaida. Gari lilishafika, limeegeshwa kwenye majani. Kinanda kilikuwa tayari kwenye kasha lake, waya umekunjwa. Mchungaji alisimama, akatoa matangazo ya wiki, akafika kwenye lile la mwisho.

"Leo tunawapa ndugu zetu wa Gorong'a kinanda chetu. Kabla vijana hawajakibeba, kuna mwenye neno?"

Wegesa aligeuka kuangalia mlango mkubwa, kisha madirisha. Machage hakuwepo. Alfajiri alikuwa amempeleka mgonjwa Nyamongo, akaahidi kuwahi. Nje palikuwa na pikipiki nyingi, ya kwake haikuwepo.

"Kama hakuna," mchungaji alisema, "vijana, karibuni."

Vijana wawili wakainama kushika kasha. Jibu lilipanda mpaka kooni mwa Wegesa likataka kulala pale pale linapolala siku zote. Hakulikubalia. Alisimama.

"Mimi."

Ilikuwa sauti ndogo, lakini kanisa zima liligeuka.

"Wewe nini, mama?" mchungaji aliuliza kwa upole.

"Mimi ninapiga."

Kezia, mwenyekiti wa kwaya, mwanamke mwenye ulimi mwepesi, alijigeuza kwenye benchi lake. "Unapiga nini, Wegesa? Unapiga deki!"

Watu walicheka. Wegesa alisikia masikio yake yakiwaka. Lakini miguu ilikwishaanza kwenda, na alijua kwamba ikisimama haitaanza tena. Aliwafikia wale vijana, akasema, "Kirudisheni mezani." Walimtazama mchungaji. Mchungaji akaitikia. Wegesa alikunjua waya mwenyewe, akachomeka, kisha akazunguka kwa mlango mdogo wa pembeni, akatokea upande wa ukuta.

"Kigoda kiko huku, mama!" Kezia aliita.

"Najua."

"Haya, jamani, tazameni. Anamkamua ng'ombe upande usio wake. Atapigwa teke huyo."

Safari hii hata wazee walicheka. Wegesa alikuwa ametazamana na kanisa lote, jambo ambalo hakulifikiria siku zote alipofanya mazoezi peke yake. Mwisho wa benchi la wazee alikuwepo Mzee Nyangwine. Hakumtazama. Aliinamisha uso juu ya vibao, akanyoosha mikono.

Cheupe, cheusi, cheupe, cheusi, cheupe.

Kicheko kilikatika katikati. Mgeni alikuwa mlangoni. Aligusa, akarudi nyuma, akagusa, akaanza kuondoka, akarudi. Kulikuwa na makosa. Kidole kimoja kilichelewa, kingine kiligusa viwili kwa pamoja. Hakuna aliyejali. Bibi Tabitha aliweka mkono kifuani. Nje injini moja ilizimwa, kisha nyingine, na Machage akatokea dirishani akihema, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Wegesa akafika pale katikati, mahali ambapo mgeni anaacha haya na kupaza sauti kidogo. Hapo ndipo vidole vilipompotea. Mkono wa kushoto ulikwenda ukakuta kibao kisicho chake. Akarudi nyuma, akajaribu, akakosa. Akajaribu tena.  Aliona vijana wa gari wakijiandaa, mmoja akishika mfuniko wa kasha.

"Nimewaambia teke," Kezia alinong'ona, ingawa safari hii hakufurahi.

Wegesa hakuondoa mikono. Alikuwa ameamua kwamba watakaoondoa mikono hiyo ni wao, siyo yeye.

Ndipo Mzee Nyangwine aliponyanyuka kwenye benchi. Ujanani alikuwa mpiga litungu, zeze la nyuzi nane la Kikurya, na harusi za Tarime nzima zilimjua kabla vidole vyake havijakakamaa. Alisimama kwa fimbo. Akamgeuzia mkamwana wake mgongo, kama inavyopasa, akatazama mlango mkubwa, na kwa sauti ya puani, nzito, ya mtu aliyesikiliza Jumamosi zote za miaka mitatu bila kusema neno, akauimba ule mwendo uliopotea. Aliuimba mpaka mwisho wake, akaurudia.

Bibi Tabitha akaudaka. Wakafuata vijana wa madirishani, Ryoba akiwa mbele, kisha wachimbaji, kisha Kezia, ambaye alikuwa na sauti nzuri kuliko wote na hakuweza kuona wimbo unaimbwa vibaya akanyamaza. Kanisa zima likavuma kwa wimbo usio na maneno. Na ndani ya sauti hiyo Wegesa aliona vidole vya nesi kama anavyoona mstari wa mahindi shambani, akaweka vyake, akapita. Mgeni alipaza sauti, akatulia, akarudi mlangoni kwa mara ya mwisho.

Alipomaliza, mchungaji aliwageukia wale vijana wa gari. Akawaambia, "Wapeni salamu Gorong'a. Waambieni tumepata mpigaji."

"Na za kwaya je?" mzee mmoja aliuliza. "Hodi peke yake haitoshi Jumapili."

"Nitajifunza," Wegesa alisema. Jibu lilitoka lenyewe, halikulala njiani.

Jumamosi iliyofuata alikuja saa kumi na ufagio wake. Aliingia kwa mlango mdogo wa pembeni kama kawaida, akagonga goti kwenye benchi. Benchi la wazee lilikuwa limehamishwa. Lilikuwa limewekwa pale pale penye nafasi nyembamba ya ukutani, na mwisho wake alikaa Mzee Nyangwine, ameegemea fimbo, anatazama dirisha kana kwamba hajui benchi limefikaje huko. Upande wa pili wa kinanda kigoda cha nesi kilikuwa peke yake, njia yake ni nyeupe mpaka mlango mkubwa.

Wegesa akatoka, akazunguka nje, akaingia kwa mlango mkubwa. Akakaa. Vibao vyeupe vilikuwa karibu naye, vyeusi mbali. Kila kitu alichokijua kilikuwa kimegeuka tena.

Aliweka mkono wa kulia ambao haukujua kitu. Akabonyeza cheupe, akatafuta cheusi, akakikosa, akakitafuta tena. Ilitoka kama mtoto anayesoma herufi kwa kidole.

Nje, njiani, pikipiki moja ilizimwa.