Bitana ya Mshipa

Baba yangu ni fundi cherehani, na fundi cherehani mwenye saratani ya umio anajua kuficha damu. Tulipofika chumba cha dharura, shati lake limelowa damu, daktari aliniuliza kama aliwahi kutapika damu kabla ya leo. Nikasema hapana, tena kwa ukali. Muuguzi akatoa mfukoni mwa baba vipande vitatu vya kitambaa chekundu, mabaki ya gauni alilokuwa akishona. Vilikuwa vimekauka damu, vigumu. Nilitamani kumpiga baba, Mungu anisamehe.

Kumbe juzi damu ilimtoka kidogo. Akafuta, akanyamaza, kisha akamwambia mama aende kwa dada yake akapumzike. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alikuwa mficha maradhi hodari.

Daktari alikuwa mwanamke asiyepoteza maneno. "Uvimbe umetoboa mshipa mkubwa wa damu. Tutapitisha bomba la wavu lililovikwa kitambaa kupitia kwenye paja, lifunguke ndani ya mshipa, lizibe tundu. Saratani yenyewe haitaguswa. Ila akitokwa tena kabla hatujaziba, hatutamuwahi."

"Kwa hiyo ni bitana, kama ya ndani ya koti," baba akanong'ona.

"Ndiyo, mzee. Bitana."

"Nguo iliyooza haitiwi bitana, mwanangu. Niacheni."

Hasira zikanipanda. "Baba, mteja akileta koti bovu, anataka kulivaa siku moja tu, umewahi kumfukuza?"

Akanitazama. "Siku gani hiyo?"

"Mama yuko njiani."

Alifumba macho. "Haya. Shoneni."

Mama alifika asubuhi. Bitana ilikuwa imeshatiwa, damu imesimama, baba amelala. Nikamwonyesha vile vitambaa, nikitaka na yeye akasirike.

"Vilikuwa vinne," akasema. "Kimoja nilikifua mimi."

"Ulijua? Na ukaondoka?"

"Nilidhani uvimbe umechubuka kidogo tu. Hakutaka nione, nikajifanya sijaona. Nilikwenda kwa mama yako mkubwa nipate mahali pa kulia."

Wote wawili waliiona damu, na daktari hakuambiwa.

Kumbe baba alikuwa macho, amesikia yote. Alinyoosha mkono, akashika upindo wa gauni la mama, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Umefumuka."

"Utaushona ukitoka."

"Niletee sindano leo," akasema. "Kesho siahidi."