Kubadilishana Viti Juu ya Mlima

Zilibaki siku tatu Tarjei atimize miaka themanini, na siku hiyo ikifika bila cheti cha daktari, leseni yake ya udereva ilikuwa inakufa. Ndiyo maana Alhamisi ile asubuhi, redio ikiwasihi watu wakae majumbani, yeye alikuwa keshawasha gari uani na anakwangua barafu kwenye kioo. Mkewe Gunnvor alisimama mlangoni na ndara za ndani, akamwambia mlima leo haupitiki. Tarjei akamjibu kwamba yeye alianza kuuvuka mlima ule kabla redio haijabuniwa. Uongo mtupu, lakini mtu wa aina hiyo ukibishana naye utazeeka wewe.

Daktari aliyemtaka alikuwa upande wa pili wa mlima, mwendo wa saa mbili hali ikiwa njema. Alikuwapo daktari wa hapo kijijini, dakika kumi tu, ila Tarjei alidai huyo amejaa wagonjwa mpaka theluji iyeyuke. Gunnvor akaamini. Baada ya miaka hamsini na miwili ya ndoa mtu huacha kuuliza mengine, si kwa ujinga, ni kwa kuchoka.

Na mambo aliyaona, jamani, hakuwa kipofu. Tangu majani yaanze kuanguka mzee alikuwa akimimina kahawa pembeni mwa kikombe. Dukani alimpita jirani yao wa miaka arobaini bila hata salamu, jirani akanuna wiki nzima. Gunnvor akadhani ni kiburi kile kile cha siku zote, sasa kimeota mvi.

Chini ya mlima geti lilikuwa limefungwa. Dhoruba ikichachamaa hakuna anayeruhusiwa kupanda peke yake. Magari hukusanywa, hupangwa mstari, na gari kubwa la kusukuma theluji hutangulia likiwafungulia njia. Siku hiyo yalikuwa magari manane. Msimamizi wa msafara, mwanamke wa makamo aitwaye Eldrid, alipita dirisha hadi dirisha na koti lake la njano, akiuliza maswali yale yale: mafuta yapo, mablanketi yapo, chakula kipo? Kwao akaongeza swali moja.

“Anaendesha nani, mzee?”

“Unamwona nani kwenye usukani?”

Eldrid akamtazama Gunnvor kidogo, kama anayesubiri aseme neno. Gunnvor akatazama geti. Basi akawapanga wa tatu, nyuma ya lori la samaki, na nyuma yao akaweka gari la mama mmoja mwenye watoto wawili wadogo. Akawakumbusha masharti: usipoteze taa za aliye mbele yako, ukizipoteza, simama, washa hazadi, zile taa za dharura, subiri, na lolote litokee, usifungue mlango, kwa sababu kule juu mtu akitoka hatua tatu harudi kuliona gari lake.

Gunnvor naye alikuwa na leseni. Ililala kwenye mkoba wake miaka thelathini na mmoja. Siku moja ya baridi alitumbukiza gari mtaroni mbele ya kanisa, watu wakitoka ibadani, na Tarjei akacheka mpaka akashika mbavu. Angeishia hapo, yangepita. Lakini alikisimulia kisa hicho kwenye kila harusi na kila msiba, akiigiza na uso wa mkewe alivyokodoa macho, na wageni wakacheka, na Gunnvor akawamiminia kahawa. Hakugusa usukani tena. Hakuna aliyemkataza, na hakuna aliyemuuliza.

Wakaanza kupanda. Nusu saa ya kwanza haikuwa mbaya. Fito nyekundu zilizochomekwa kando ya barabara zilionekana mbili tatu kwa mbele, na lori la samaki lilikwenda taratibu. Tarjei alipiga mluzi. Kisha wakatoka kwenye miti, wakafika uwanda wa juu ambako hakuna kitu cha kuzuia upepo, na weupe ukameza kila kitu. Mbingu ikawa nyeupe, chini kweupe, pembeni kweupe. Waipa zilipiga mbio na hazikusaidia. Kilichobaki duniani kilikuwa taa ya nyuma ya lori.

Taa ile ikawaka nyekundu kali. Lori linafunga breki. Gunnvor akangoja mumewe naye afunge. Hakufunga.

“Tarjei!”

Akakanyaga breki kwa nguvu, gari likateleza kiubavu, likasimama karibu kabisa na chuma cha lori. Gunnvor alisoma namba zake zote bila miwani.

“Nimeliona,” alisema Tarjei. “Ulikuwa na haraka gani ya kupiga kelele?”

Gunnvor alimtazama mumewe vizuri, akamwona anavyoinamisha kichwa kushoto, kama kuku anayechungulia punje, na anavyokodoa macho pale ambapo hapakuwa na kitu. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaka mazungumzo:

“Hivi lori hili limewasha taa ngapi nyuma?”

“Mbili. Lori lina taa mbili, mama, siku zote.”

Ilikuwa moja. Ya kulia ilikuwa imekufa tangu getini.

Jamani, kuna kujua na kujua. Gunnvor akafikiria watoto wale wawili nyuma, na mteremko wa upande wa pili ambao bado hawajaufikia. Hasira ilimpanda, na huruma nayo ikampanda. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na huyu alitaka kilio chenyewe kiwe cha watu wengi.

“Tangu lini?” akauliza.

“Nini?”

“Tarjei. Tangu lini huoni?”

Upepo ulitikisa gari. Mbele, msafara ulikuwa umesimama; gari la kusukuma theluji lilikuwa linapambana na rundo lililofunga njia, na Eldrid alishatangaza kwenye redio ya barabarani kwamba itachukua robo saa. Mzee akaweka mikono yote miwili juu ya usukani. Alipokuja kusema alisema taratibu, akimgeukia mkewe, ambaye hakuweza kumwona.

“Pembeni naona kidogo. Katikati kuna ukungu. Ulianza kiangazi, tulipokuwa tunakata nyasi.”

“Na daktari je? Angekupa cheti namna gani?”

Hapo ndipo yote yakatoka. Daktari wa upande ule alikuwa mzee kama wao, na ubao wake wa herufi haujabadilishwa ukutani miaka nenda rudi. Binamu yake Tarjei aliukariri, akapita. Akamfundisha na yeye, mstari kwa mstari, kwa simu, usiku Gunnvor akiwa anaoga. Tarjei alikuwa na ubao mzima kichwani hadi mstari wa mwisho. Alisema hivyo akiwa na fahari kidogo bado, mjinga yule, kisha fahari ikamwisha.

“Nikikosa leseni tutakaaje kule shambani?” alisema. “Watatupeleka kwenye vyumba vya wazee mjini. Watauza kondoo. Wewe utakaa dirishani unatazama magari ya watu.”

“Na mimi nina leseni.”

Tarjei akanyamaza. Ilionekana wazi kwamba jambo hilo halikuwahi kumpitia akilini, na kunyamaza kwake kulimuuma Gunnvor kuliko vile vicheko vyote vya harusini.

“Sogea,” alisema. “Tunabadilishana.”

“Mlango haufunguliwi. Umesikia masharti.”

“Nani kakwambia ufungue mlango?”

Sasa fikiria wazee wawili, mmoja themanini kasoro siku tatu na mwingine sabini na minne, kila mmoja na fulana mbili, sweta zito la sufu na koti juu, ndani ya kigari kidogo. Tarjei alirudisha kiti nyuma mpaka kikagoma. Gunnvor akapitisha mguu mmoja juu ya gia, kiatu kikanasa. Akamkalia mumewe mapajani, ikabidi wapumue kwanza. Akajaribu kujiinua ili mumewe apite chini yake, tumbo lake likabonyeza honi, ikalia kwa kirefu. Lori la samaki nalo likajibu kwa honi. Nyuma, mama wa watoto akapiga ya kwake. Msafara mzima ukapokezana honi mpaka mbele, kila mtu akidhani mwenzake anamtia moyo.

Tarjei ndiye aliyeanza kucheka, uso wake umebanwa kwenye mgongo wa mkewe. Gunnvor akacheka naye, machozi yakamtoka, na hakujua ni ya kucheka tu au vipi. Hatimaye mzee aliporomokea kiti cha abiria kichwa kikitangulia, na Gunnvor akajikuta mbele ya usukani. Akavuta kiti. Akafunga mkanda.

Lori likaanza kwenda. Gunnvor akaachia klachi haraka, gari likaruka mara moja na kuzima.

“Taratibu, mama, klachi unai—”

“Nyamaza, Tarjei.”

Akawasha tena. Safari hii likaenda. Akashika gia ya pili na hakuiachia, macho kwenye ile taa moja nyekundu, pua karibu na kioo. Kila fito iliyopita aliihesabia kama pumzi.

“Unaona?” Tarjei akauliza mwishowe.

“Naona.”

“Uniambie unachoona. Nisikae tu kama mzigo.”

Basi akawa anamwambia. Taa ya lori. Fito. Fito. Rundo kulia. Taa. Walipofika kilele upepo ukavuma mara moja kama mlango uliopigwa teke, na taa ikapotea. Gunnvor akafanya alivyoambiwa: akasimama, akawasha hazadi, akasubiri. Kila sekunde aliwasikia kichwani watoto wale wa nyuma wakija kumgonga. Aliziona hazadi za mama yao zikiwaka kwenye kioo cha nyuma, hafifu, akashusha pumzi. Mbele, hapakuwa na kitu.

“Nina hofu,” alisema.

“Na mimi.” Tarjei alipapasa mpaka akaupata mkono wake juu ya gia, akauwekea wake. “Gunnvor. Uso wako sijauona tangu kiangazi. Nakujua kwa sauti, na kwa nywele pembeni. Nilikuwa najiambia nikipata cheti, basi na uso utarudi. Mtu mzima, na akili zangu.”

Gunnvor hakuweza kumgeukia, maana macho yake alikuwa ameyapigilia mbele. Machozi yalimshuka na akayaacha yashuke. Upepo ukapungua kidogo, na lori la samaki likawa pale pale, mita kumi, likiwangoja na taa yake moja.

Waliposhuka upande wa pili na kufika getini, Eldrid alipita akihesabu magari. Alipomwona Gunnvor kwenye usukani alisita, akawatazama wote wawili, akagonga paa la gari mara mbili kwa kiganja na kuendelea. Tarjei akasema barabara sasa ni nzuri, mpaka mjini ni tambarare, ampe amalizie. Gunnvor akasema hapana. Alisema hivyo tu, na akatia gia.

Mbele ya zahanati mzee hakushuka mara moja.

“Utamwambia daktari?”

“Simwambii mtu kitu. Herufi unazo kichwani, mdomo ni wako. Kapime macho.”

Akamsindikiza hadi ndani, akakaa kwenye benchi la ukumbini. Mlango ulipofungwa alijuta papo hapo. Kwa nini hakumwambia daktari? Alimjua mumewe. Alijua mtu yule akishaweka jambo kichwani hata ng'ombe hamvuti, na alijua kwamba akitoka na karatasi mkononi ataomba ufunguo mbele za watu, na yeye itabidi aamue pale pale kama atampa. Alijiapiza hatampa. Kisha akawaza miaka hamsini na miwili, hakuwa na hakika tena. Kupitia ukutani aliisikia sauti ya Tarjei ikitaja herufi, moja baada ya nyingine, bila kusita, kama mtoto wa shule aliyesoma vizuri. Gunnvor akafumba macho.

Sauti ikakoma. Ikaja kimya, kisha sauti ya chini ya daktari, kisha kimya kirefu zaidi.

Mlango ulipofunguliwa, Tarjei alitoka akiwa amekunja kofia mikononi. Hapakuwa na karatasi. Akasimama akigeuza kichwa huku na huku, mpaka Gunnvor alipokohoa, akamfuata kwa kikohozi na kukaa kando yake.

“Mstari wa kwanza nimeupata wote,” alisema. “Wa pili wote. Daktari akanisifu. Akaniambia nisome wa tatu. Nikamwambia, daktari, usijisumbue, mimi hata ubao wenyewe siuoni uko ukuta upi.”

Gunnvor alimshika mkono.

“Ameandika barua ya hospitali ya macho. Jicho moja labda litaokolewa. La pili limekwenda.” Akavuta pumzi. “Msafara wa kurudi unaondoka saa nane. Utanipeleka?”

“Nitakupeleka.”

“Na Jumamosi dukani? Na kanisani?”

“Nitakupeleka, Tarjei. Lakini ukinifundisha klachi tena, nakushusha kule kule juu.”

Watu waliokuwa ukumbini waliwageukia, maana mzee alicheka kwa sauti, kisha kicheko kikageuka, mabega yakaanza kumtikisika. Gunnvor akangoja mpaka alipotulia. Akamvalisha kofia, na walipofika kwenye ngazi za nje, Tarjei akatoa kiwiko ashikwe, mbele za watu wote, akashuka akimfuata.