Kijivu cha Ng'ombe wa Kuot

Mwaka wa tisini na sita kompyuta ya shirika letu la maji mjini Lodwar ilikuwa na rangi kumi na sita, na nilizijua zote kama mtu anavyowajua mbuzi wake. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa ripoti za visima. Lakini meneja wetu, Bwana Ekwam, akitoka tu, nilichora, nukta moja baada ya nyingine, kwa mausi iliyokwama kwa vumbi. Wenzangu walinitania: "Akiru anachunga panya." Niliwaacha wacheke. Asiyejua kuchora ana lipi la kuniambia?

Adhar, Mdinka aliyekimbilia Kenya, alikuwa akipika chai katika ofisi yetu ndogo ya Kakuma. Aliona mbuzi niliyemchora kwenye kompyuta, amebandikwa ukutani, akaningoja Alhamisi nilipopeleka barua.

"Ejok, dada Akiru," akanisalimu kwa Kiturkana. " Wewe unaweza chora ng'ombe ya baba yangu?"

Nikamuuliza ya nini. Akanieleza habari za Kuot, mdogo wake, waliyepotezana naye njiani vita vilipofika kwao Bor. Kuot alikuwa na miaka saba. Sasa angekuwa na kumi na miwili. Picha yake haikuwapo.

"Sura yake imebadilika, na yangu pia," alisema. "Lakini ile ng'ombe, yeye ndiye alikuwa anashika kamba yake kila asubuhi. Akiona, atajua. Tuweke pale watoto wageni wanapokelewa."

Alipata ruhusa ya kutoka kambi ya wakimbizi siku moja tu. Akaja Lodwar na Landrova ya ofisi, Ekwam akiwa Nairobi, akaketi kando yangu. Pembe na nundu hazikutusumbua. Tulikwama kwenye rangi.

"Malou," alisema, akiitaja rangi hiyo kwa Kidinka.

Nilimwonyesha kijivu. Akanicheka, na mimi sipendi kuchekwa kwenye kazi yangu. Lakini alikuwa na haki. Kijivu ni rangi ya majivu, na aliyeipa jina hilo hakuchunga ng'ombe.

"Ni kama wingu la mvua? Kuna bluu ndani yake?" nikamuuliza.

Akapiga meza kwa furaha. Kwetu Waturkana ng'ombe huyo ni lopus. Siku hiyo tulielewana kwa ng'ombe kuliko kwa Kiswahili.

Rangi hiyo haikuwamo kwenye mashine, basi niliidanganya. Nukta ya kijivu, nukta ya bluu, nukta ya zambarau, mara nyeusi, kwa zamu nilizozibuni papo hapo. Ukiwa karibu ni takataka tupu.

"Rudi nyuma," nilimwambia. "Bado. Nenda mpaka mlangoni."

Alipofika mlangoni akageuka kuitazama skrini. Kisha akainua mikono juu ya kichwa kama pembe, akaanza kuimba taratibu kwa Kidinka. Machozi yalinitoka, mimi ambaye hata msiba wa mjomba haukuniliza.

Printa yetu ilikuwa na utepe mweusi tu. Adhar aliitazama karatasi, akairudisha.

"Hii ni ng'ombe nyingine."

Liwalo na liwe, nikasema. Tuliifunga kompyuta nzima kwa mablanketi, tukaipakia, tukafuata msafara wa polisi hadi Kakuma. Tuliiweka juu ya meza chini ya mabati, pale wageni wanapoandikishwa, tukaomba umeme wa jenereta.

Kesho yake watoto walikuja kama arobaini. Mmoja akapiga ukelele. Adhar akamkamata mabega, akamuuliza jina la mama yake, akamwachia.

"Anasema ni ng'ombe ya baba yake. Si Kuot."

Wa pili akasema vilevile, na wa tatu. Alipofika wa tano Adhar alifoka, "Waongo!" Yule mtoto akalia. Hakuwa mwongo, alisema. Ng'ombe ni wa baba yake, ila pembe ya kushoto ndiyo imekosewa. Inatakiwa ishuke mpaka jichoni.

Nikaishika mausi, nikaishusha pembe. Mtoto akaweka kiganja kwenye kioo na hakutaka kukiondoa. Aliyemfuata alitaka tumbo jeupe. Adhar alisimama pembeni amekunja mikono, kisha akasogea, akaanza kunitafsiria.

"Huyu anasema mgongo nyeupe yote. Huyu anasema usisahau kengele."

Kwa kila mtoto nilihifadhi, nikihofia umeme usije ukakatika. Saa kumi jenereta ilizimwa, skrini ikawa nyeusi, na hapo ndipo nilipong'amua ujinga wangu. Kila nilipohifadhi, nilimfuta aliyetangulia. Wa Adhar alifutwa wa kwanza.

Nilimwambia. Sikupata maneno ya kulipamba.

"Huwezi chora tena?"

"Nitajaribu. Lakini zile nukta sikuziandika popote. Hazitakuwa zilezile."

Watoto walikuwa wanatawanyika, na Kuot hakuwa mmoja wao. Nilitamani kumwona yule kijana kana kwamba ni wa tumbo moja nami.

"Ile siku, pale mlangoni," Adhar akasema. "Wewe pia ulimwona ng'ombe? Vizuri, na rangi yake?"

"Nilimwona."

"Basi sasa tunaomjua tuko watatu."

Nusura nimsahihishe kwamba tulikuwa wawili, kabla sijang'amua kuwa alimhesabu Kuot. Namshukuru Mungu nilinyamaza.